Bi. Ciakuthii, Mawaridi na Kitasa cha Mlango wa Bustani

Ijumaa hii, tarehe 31 Machi 2017, Bi. Jerusha Ciakuthii anastaafu baada ya kukihudumia chuo chetu kwa miaka thelathini na minne. Kwa miaka ishirini na sita kati ya hiyo, mimi nimeficha jambo linalomhusu. Ndani ya faili lake kuna barua ya onyo yenye sahihi yangu, inayosema kwamba alikata majani ya mawaridi ya chuo kwa makusudi. Hakuyakata.

Naibu Mkuu wa Chuo, Bw. Kinoti, aliponitembelea hapa nyumbani Makutano mwezi uliopita, aliniomba ukurasa mmoja wa kuchangamsha watu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwajiri Bi. Ciakuthii na ndiye mkuu wa zamani pekee aliye hai. Nitajitahidi kuchangamsha. Lakini Bw. Kinoti alikuja na swali pia. Bodi inataka kumpa Bi. Ciakuthii Cheti cha Utumishi Bora, na cheti hicho hakitolewi kwa mtu mwenye onyo ambalo halijafutwa. Akaniuliza kama naikumbuka barua hiyo, na kama nitakuwa na pingamizi bodi ikimsamehe. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Haya ndiyo majibu. Binti yangu Makandi ananipigia chapa kwa kuwa mkono wangu hautulii tena, na daktari amenishauri nisimwahidi mtu jambo lolote la mwezi wa Juni.

Bi. Ciakuthii alizaliwa Kanja, Embu, mwaka 1957. Babake alikuwa na mizinga ya magogo pembezoni mwa msitu, na mtoto huyu wa tatu ndiye aliyekuwa akimbebea moshi. Alisoma hadi darasa la saba, akaolewa huku kwetu Meru, na asubuhi moja ya Aprili 1983 akaja ofisini kwangu kutafuta kazi ya bustani akiwa na jembe lake mwenyewe begani. Nilimuuliza anajua nini kuhusu maua. Akasema maua hakuyajua sana, ila alivijua vitu vinavyoyatembelea. Niliandika kando ya jina lake, "Ana majibu," nikamwajiri siku hiyo hiyo.

Wale waliokuja chuoni miaka ya karibuni hawawezi kuamini uwanja ule ulivyokuwa. Kutoka langoni hadi ofisini palikuwa na vumbi, na mvua ikinyesha palikuwa na matope, na katikati ya misimu hiyo miwili palikuwa na mbuzi. Bi. Ciakuthii alipanda ua wa miiba wa kaiyaba kuzunguka chuo kizima, mche baada ya mche, akipima kwa kamba yenye mafundo. Ua huo umewashinda wezi wawili ninaowajua na askofu mmoja aliyetaka njia ya mkato. Kisha akapanda mawaridi, mashina arobaini na matatu, kila upande wa njia. Miche mingine aliomba kwa watawa, mingine alibadilishana kwa viazi, na mmoja, ule mwekundu mweusi ulio karibu na ngazi, hajawahi kusema aliupata wapi.

Aliyatunza kwa samadi, maji ya kuoshea vyombo na ukali. Mwalimu wa Dini alikuwa na mbuzi jike aliyependa machipukizi, na Bi. Ciakuthii alimkamata mara tatu. Mara ya tatu alimfunga kwenye mlingoti wa bendera, na tulipotoka kuimba wimbo wa taifa tukamkuta amesimama wima kuliko wanafunzi wote. Mwalimu wa Dini alimjengea mbuzi wake banda wiki hiyo.

Hakuna harusi ya mtoto wa mfanyakazi wa chuo hiki ambayo haikupata maua kutoka mkononi mwake. Harusi ya Makandi wangu pia. Alikuja nayo saa kumi na mbili asubuhi, yamefungwa kwa gazeti lililoloweshwa, akayakabidhi kwa mke wangu mlangoni na kurudi kazini kabla sijatoka kumshukuru. Hiyo ilikuwa mwaka 1996. Kwa nini sikutoka haraka, mtaelewa.

Sasa nifike mwaka 1991. Hapa niombe subira ya msomaji, kwa sababu mwaka huo sisi sote tulichanganyikiwa, na mimi sijatoka katika mkanganyiko huo hadi leo.

Mwezi wa Januari majani ya mawaridi yalianza kutoboka. Nasema kutoboka, lakini hayakuwa matundu ya katikati ya jani. Yalikuwa yamemegwa ukingoni, nusu duara, safi kabisa, kana kwamba fundi cherehani amepita na mkasi wake. Mengine yalikuwa yamekaribia kuwa duara kamili, kiasi cha kifungo cha koti. Jani moja lilikuwa na mamego manne, na jani la pili yake halikuguswa. Ukitazama juu huoni mdudu. Ukigeuza jani chini huoni mdudu.

Machi tarehe 16, siku ya Jumamosi, chuo kilikuwa kinatimiza miaka ishirini na mitano, na wageni wangepita katikati ya mashina yale arobaini na matatu. Kwa hiyo majani yakawa jambo la kila mtu. Mwalimu wa biolojia alisema ni viwavi. Tukatafuta viwavi siku mbili na hatukupata hata kinyesi chao, na kiwavi ni mdudu asiyejua kuficha kinyesi. Matroni akasema ni konokono. Tukatafuta ute unaong'aa asubuhi na mapema, haukuwapo. Jikoni wakasema ni panzi. Bw. Mithika, aliyekuwa kiongozi wa watunza bustani, akasema ni mbawakawa, akamwaga majivu, kisha maji ya sabuni, kisha maji ya tumbaku na pilipili yaliyotufanya tupige chafya hadi Jumapili. Dereva wetu, marehemu Mahamed, alisimama na funguo za lori mkononi akayatazama majani kwa heshima.

"Mama Mukiri," alimwambia Bi. Ciakuthii, "huyu ni mbuzi. Lakini ni mbuzi aliyepita hesabu ya duara."

Mimi mwenyewe nilichukua kioo cha kukuzia kutoka maabara na daftari. Niliandika idadi ya mamego kwa kila shina, kwa tarehe. Daftari hilo lilijaa, na kadiri lilivyojaa ndivyo nilivyoelewa kidogo. Siku niliyopulizia dawa mamego yaliongezeka. Siku niliyoacha yakaongezeka vilevile. Shina la ngazini, lililo karibu na ofisi yangu, ndilo lililoumia zaidi, na hilo ndilo nililokuwa nikilipita mara kumi kwa siku bila kumwona adui.

Bi. Ciakuthii hakutoa maoni. Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Mwaka uliotangulia nafasi ya kiongozi wa bustani ilikuwa imempita, ikaenda kwa Bw. Mithika ambaye alikuwa na miaka michache kazini kuliko yeye lakini alikuwa na cheti cha kidato cha pili. Aliipokea habari hiyo kwa utulivu, ila watu walisema ameumia, na watu wakishasema jambo huwa wanalingojea lionekane. Wakati wa chakula cha mchana, wenzake wakienda kula githeri, yeye aligeuza debe karibu na shina la ngazini, akaketi, akatulia. Alifanya hivyo wiki tatu. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini. Kila mmoja alikuwa amejijibu.

Jumatatu ya tarehe 11 Machi aliingia ofisini kwangu. Bw. Mithika alikuwamo, na mjumbe mmoja wa bodi, mzee ambaye ametangulia mbele ya haki na ambaye simtaji jina. Bi. Ciakuthii alitoa leso mfukoni mwa aproni yake, akaifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na vipande vidogo vya jani la waridi, vya mviringo, vingine vibichi na vingine vimeanza kujikunja.

"Mwalimu, ni nyuki," alisema. "Hali jani. Anakata, anakunja, anabeba chini ya tumbo, anaingia nalo kwenye tundu la kitasa chako. Hivi ni vile vinavyomponyoka."

Alinyoosha kidole kwenye mlango wa pili wa ofisi, ule unaotazama bustani. Mlango huo haukuwa umefunguliwa miaka mingi, ufunguo wake ulikuwa umepotea kabla yangu.

Tulicheka. Lazima niseme tulicheka kwa nini, maana kizazi cha leo kinanunua asali dukani. Katika nyumba tulizozaliwa, za Meru na za Embu, hakuna aliyemfundisha mwenzake nyuki. Mzee wa bodi alikuwa na mizinga ishirini. Asali ndiyo iliyotupeleka kwa wakwe, na bila mtungi wa pombe ya asali hakuna binti aliyetoka kwao kwa heshima. Tulijua nyuki anakula nini, analala wapi, anakasirika saa ngapi. Nyuki anayekata majani hatukumjua, na kwa kuwa tuliwajua nyuki sana, tuliona ambaye hatumjui hayupo. Mtu asiyejua kitu kuhusu nyuki angeenda kutazama kitasa. Sisi wenye mizinga hatukuinuka vitini.

Bi. Ciakuthii alieleza kwamba huyu si wa mzinga, anaishi peke yake, na kwamba babake alimwonyesha mmoja kama huyo ndani ya tundu la mwanzi. Mzee wa bodi akapangusa macho.

"Nyuki asiye na ukoo," alisema. "Huyo ni nyuki au ni mwanafunzi aliyefukuzwa?"

Bw. Mithika hakucheka kama sisi. Yeye alikuwa akivitazama vile vipande na ile aproni. Bi. Ciakuthii alipotoka, akasema polepole kwamba yeye si mtu wa kusengenya, lakini mama huyo huketi na mawaridi kila mchana peke yake, na anao mkasi wa kupogolea, na leo tumeona alichonacho mfukoni. Akasema watu hawasahau wakinyimwa kitu. Na kweli, kila tulichokuwa tumechanganyikiwa nacho kwa miezi miwili kikanyooka ghafla: hakuna kinyesi cha kiwavi kwa sababu hakuna kiwavi, hakuna ute kwa sababu hakuna konokono, ukingo ni safi kwa sababu ni mkasi. Naomba vijana wanaosomea utafiti walizingatie hili. Jibu la uongo linaweza kuingia kila mahali palipokuwa wazi, na kuingia vizuri.

Mzee wa bodi alitaka jina kabla ya sherehe. Asubuhi iliyofuata, mbele ya wafanyakazi na wanafunzi wote, nilisimama barazani na kusema kwamba mharibifu wa mawaridi amekwisha kujulikana na atachukuliwa hatua kabla ya Alhamisi kuisha. Mtu akishasimama na shahada yake mbele ya watu mia tatu akatamka neno kama hilo, huwa analazimika kumpata mharibifu.

Alhamisi, tarehe 14 Machi, nilimwita. Barua ilikuwa imechapwa. Niliitia sahihi mbele yake, nikampa. Aliisoma akiwa amesimama, kwa kidole, mstari kwa mstari, kwa sababu Kiswahili cha ofisi kilikuwa kigumu na hakutaka kukosea. Ilimtoa bustanini na kumpeleka zizini. Ilisema kosa likirudiwa atafutwa kazi. Alipomaliza hakuuliza kuhusu zizi wala hakulia. Aliutazama mlango wa bustani nyuma yangu, kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, uliangalia kwenye kitasa?"

"Kitasa hakina kitu," nilimjibu.

Akautazama tena ule mlango. "Sawa, Mwalimu," akasema. Akaweka mkasi wa kupogolea juu ya meza yangu, makali yakimtazama yeye mwenyewe, kama watu waliolelewa vizuri wanavyompa mtu kisu, akatoka.

Sherehe ya Jumamosi ilifana. Wageni walipita katikati ya mawaridi na kuyasifu. Nilikuwa nyuma yao hatua mbili, nikiwasikiliza. Hakuna hata mmoja aliyesema kitu kuhusu majani. Watu hutazama maua.

Zizini Bi. Ciakuthii alikaa miaka miwili, na hapo pia alifanya kazi ambayo chuo kinaiona hadi leo. Yeye ndiye aliyeanza kuandika jina la kila ng'ombe ubaoni na saa yake ya kukamuliwa. Mahamed aliniambia kwamba ng'ombe mmoja, ambaye akisukumwa haendi na akivutwa haendi, aliitwa Mkuu. Nilicheka, nikaenda kumwona ng'ombe huyo kwa mbali. Alikuwa mnyama mwenye haiba.

Januari iliyofuata, majani ya mawaridi yalianza kumegwa tena. Nusu duara, safi, shina la ngazini kwanza. Mkasi wa kupogolea ulikuwa ndani ya kabati langu, na aliyeshtakiwa kuutumia alikuwa upande wa pili wa chuo, na samadi hadi magotini. Kila mtu aliona. Hakuna aliyesema. Bw. Mithika alitangaza kwamba mwaka huu ni panzi, na sisi tukasema naam, ni panzi. Nadhani wengi walichanganyikiwa kwa dhati. Ni vigumu kuamini kwamba mliona kitu waziwazi na kukosea, ni rahisi zaidi kuamini kwamba makosa ni mapya.

Mwaka 1993 nilimrudisha bustanini kimyakimya, bila barua. Barua ya kwanza ilibaki. Mwaka 1994, katika wiki yangu ya mwisho kazini, jina lake lilikuja mezani kupandishwa cheo, likarudi kwa sababu ya faili. Lilirudi tena mwaka 1998 na mwaka 2001. Bw. Kinoti ameniambia kwamba katika kila ukurasa wa kukataliwa kuna sentensi moja ileile, "Tazama onyo la 14/3/91." Wenzangu walionifuata hawakuwa wakatili. Walimwamini mtu aliyekuwa na sifa ya kuandika tarehe zake vizuri.

Alikuja kuwa kiongozi wa bustani mwaka 2004, Bw. Mithika alipostaafu na pakawa hapana mtu mwingine. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Miaka kumi na mitatu iliyofuata ndiyo mnayoijua ninyi, na ndiyo iliyokipa chuo kombe la mazingira mara mbili.

Mwalimu Hinda Aweys alifika kutoka mji wa Maua mwaka 2006 kufundisha biolojia, akaona majani yaliyomegwa, na akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Alimuuliza Bi. Ciakuthii. Wakageuza madebe mawili, wakaketi wote wawili mchana. Siku ya pili Mwalimu Hinda alimwona nyuki huyo kwa macho yake, mweusi mwenye tumbo la rangi ya kutu, akikata jani kwa muda mfupi kuliko wa kusema Bismillahi, kisha akiruka na kipande kama mtu aliyebeba mkeka. Alimtafuta kitabuni akamkuta. Kile kibao kilichoko ngazini, kinachosema, "Usipulizie dawa. Fundi yuko kazini," ni maneno ya Bi. Ciakuthii kwa mwandiko wa Mwalimu Hinda.

Tangu hapo kila darasa jipya hupita mikononi mwake. Wanafunzi wanaomwita Shosho, yaani bibi, huniambia anavyofundisha. Usilitazame tundu, huwaambia, tazama ukingo wa tundu na kilichoachwa karibu yake. Kiwavi hula ovyo na kuacha uchafu. Konokono huacha njia yake iking'aa. Mbawakawa hutoboa katikati. Yuko funza mdogo wa kijani anayekwangua jani upande mmoja na kuacha ngozi nyembamba kama kioo cha dirisha. Na ukikuta ukingo umekatwa kama kitambaa, usimtafute mlaji, maana hayupo. Mtafute mjenzi, na umtafute mahali penye tundu. Waridi halifi kwa majani machache. Mwache amalize nyumba yake. Halafu, wanasema, huwa anaongeza kwamba kabla ya kumshuku mtu, keti kwanza.

Niliposikia habari za kibao kile nilikuwa nimestaafu miaka kumi na miwili. Nilicheka na walionisimulia. Walimu waliokuwapo mwaka 1991 walikuwa wameondoka, na hakuna aliyeunganisha kibao na barua. Bi. Ciakuthii peke yake angeweza kuviunganisha, na hajawahi kumwambia mtu. Nimemuuliza Mwalimu Hinda. Hata yeye hakuambiwa.

Mtu mmoja tu nilimwambia, mke wangu, Mungu amrehemu. Nilimwambia kwamba Jumatatu baada ya sherehe nilikitoa kitasa kile cha zamani kwa bisibisi ili niweke kipya, na ndani yake nikakuta vijiti vya kijani, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kama sigara ndani ya pakiti. Kila kimoja kilikuwa kimekunjwa kwa vipande vya jani la waridi, vya mviringo kwenye kifuniko na vya nusu duara ubavuni. Nilipasua kimoja kwa kisu cha barua. Ndani mlikuwa na uji mzito wa manjano, chavua na asali, na juu yake funza mweupe kama punje ya mchele. Nilipoinua kichwa, nyuki mmoja alikuwa anaelea mbele ya mlango na kipande cha jani tumboni, akienda kushoto na kulia, akilitafuta tundu ambalo nilikuwa nimelishika mkononi. Mke wangu aliniuliza kwa nini basi sikuifuta barua. Nilimwambia imeshaingia kwenye faili, sherehe imeshapita, na mama wa watu anaonekana kuridhika na ng'ombe. Aliendelea kuosha vikombe. Miaka mitano baadaye, maua yalipokuja ya harusi, yeye ndiye aliyeyapokea, na baada ya hapo hakunipa chai mpaka saa nne.

Hadithi hiyo ya Jumatatu nimejisimulia mara nyingi sana hata nikaiona kana kwamba ilitokea hivyo, pamoja na mahema ya sherehe yakikunjwa nje ya dirisha. Umri wangu unaniruhusu kuchanganya mambo, na watu huniwia radhi kabla sijaomba. Ingekuwa rahisi kuiacha hivyo. Kosa la mtu aliyechanganyikiwa, aliyeujua ukweli siku nne baada ya kukosea, akaona haya kurudi nyuma. Kosa hilo linasameheka, na mwenye kusingiziwa kwa kosa kama hilo anaweza kupewa msamaha wa bodi na watu wakapiga makofi.

Bw. Kinoti, naomba bodi isimsamehe Bi. Ciakuthii. Msamaha hupewa aliyekosa. Ifute barua hiyo kwa sababu ilikuwa ya uongo, na iandike hivyo katika faili, na maandishi haya yasomwe ukumbini Ijumaa yakiwa mazima, yeye akiwa amekaa mbele, kabla ya cheti na wala si baada yake. Mimi sitaweza kuwapo. Makandi atayaleta.

Bi. Ciakuthii, chuo kinakushukuru kwa ua wa kaiyaba, kwa mashina arobaini na matatu, kwa ng'ombe wenye majina, kwa harusi zote, na kwa watu mia kadhaa walio madarasani Meru na Embu leo ambao hawampulizii fundi dawa wala hawamshuku mtu kabla ya kuketi. Mwanao Mukiri ameniambia kwamba kule Kanja amekujengea nyumba yenye veranda, na kwamba ulimkataza asiyazibe matundu ya mianzi. Ukae huko kwa afya, miguu yako ipumzike, asali isikupungukie, na asubuhi zako ziwe zako mwenyewe. Mimi sikuombi uniwie radhi. Ulinipa nafasi siku ile, kwa swali moja, nami nikaiacha ipite.

Bodi itapata bahasha moja pamoja na karatasi hizi. Makandi aliitoa ndani ya kasha langu la bati wiki mbili zilizopita, kwa ombi langu. Ndani yake mna vijiti vitano vya majani makavu, kimoja kimepasuliwa. Mimi ni mwalimu, kila nilichowahi kukihifadhi nilikiandika tarehe, na juu ya bahasha hiyo, kwa wino wa bluu na mwandiko wangu ambao hautetemeki, imeandikwa: "Kutoka kitasa cha mlango wa bustani, Jumatano 13/3/91." Barua ya onyo ni ya Alhamisi. Kitasa alichokuwa akikitazama Bi. Ciakuthii nyuma yangu kilikuwa kipya, nimekifunga kwa mkono wangu alasiri iliyotangulia, na nilipomwambia hakina kitu, kilichokuwamo kilikuwa tayari ndani ya droo ya meza ile niliyoiinamia kutia sahihi.